Chupa ya Mililita 30

Jumatano ya wiki yangu ya tatu tangu nirudi kazini, nilikaa dakika 25 kwenye stoo ya ofisi, katikati ya maboksi ya karatasi za printa, nikakamua matiti yote mawili nikapata mililita 30. Niliiweka chupa juu ya boksi lililokaa sawa, nikainama mpaka macho yakawa usawa wa ile mistari, nikaangalia tena. Thelathini. Mtoto wangu alikuwa na wiki 15. Asubuhi hiyo dada anayenisaidia nyumbani Kimara alikuwa ameshaniandikia: "Mama, kwenye friji imebaki chupa moja tu."

Nilifunga kifuniko, nikaitia chupa kwenye begi la barafu, nikarudi mezani na kufanya kazi hadi saa kumi na moja. Kwenye basi la mwendokasi kutoka Posta nilisimama karibu na mlango, begi nimelikumbatia, machozi yananitoka. Mama mmoja mtu mzima alinyanyuka akanipa kiti chake, hakuniuliza chochote.

Naandika haya kwa sababu najua kuna mama sasa hivi yuko kwenye stoo ya namna ile, au kwenye choo cha ofisi, au ndani ya gari lililoegeshwa, anatazama chupa kama yangu. Nataka ajue kwamba maziwa yangu hayakuwa yamekauka. Yalikuwepo, ila hayakuwa yanatoka. Ilinichukua karibu mwezi mzima kujua kwamba hayo ni mambo mawili, na katika mwezi huo nilishanunua kopo la maziwa ya dukani, nikaliweka juu ya kabati na kulitazama kila usiku.

Kwetu ukisema maziwa yamepungua, jibu la kwanza ni chakula. Mama mkwe alikuja na basi kutoka Moshi na ndizi mshare, akawa ananipikia mtori asubuhi na jioni. Jirani yetu, mwenyeji wa Kilwa, akanipitishia supu ya pweza kwenye hotipoti. Kazini nikaambiwa uji wa ulezi uliokolea pilipili manga, karanga, na maji ya uwatu uliolowekwa usiku kucha. Nilikula na kunywa vyote, na namshukuru kila aliyeniletea. Anayenyonyesha anahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku, na kuna siku nilikuwa nimepitisha mchana kwa chai na andazi moja. Mtori ulinirudishia nguvu za kusimama. Lakini baada ya wiki nzima ya mtori, chupa ilisoma 40.

Uwatu nauongelea peke yake, maana wengi wanaununua. Tafiti zilizofanywa ni ndogo na hazikubaliani. Unaweza kushusha sukari mwilini na kugongana na dawa za kuyeyusha damu, kwa hiyo mwenye kisukari au anayetumia dawa hizo aulize daktari kwanza. Mimi uliniumiza tumbo nikauacha.

Wapo pia walioniambia yasiyo ya chakula. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama kuna mtu mwenye kijicho aliyeniona nikikamua. Mwingine akasema natembea sana juani, maziwa yanachachia kifuani. Maziwa hayachachi yakiwa ndani ya titi, na jua la Dar es Salaam haliwezi kuyafanya lolote humo. Yakishatoka kwenye chupa ni habari nyingine.

Jumamosi mama yangu akafika kutoka Lushoto. Mama amefuga ng'ombe wa maziwa tangu niko darasa la pili, na mkono wake wa kulia una nguvu ambayo wa kushoto hauna. Alikaa pembeni ya kitanda akanitazama nikikamua kwa pampu, hakusema neno mpaka nilipoizima. Kisha akaniomba ruhusa, akaweka kiganja chini ya titi na kulipima uzito kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Mwanangu, hili bado zito. Umeyaacha humu."

Nikamwambia pampu imefika mwisho, hakitoki kitu.

"Ng'ombe ukimwachia maziwa kiweleni leo, kesho anakupa pungufu. Keshokutwa pungufu zaidi. Sisi ndivyo tunavyomkausha akikaribia kuzaa. Ndicho unachojifanyia."

Alichovya taulo dogo kwenye maji ya moto, akalikamua, akaliweka kifuani kwangu kama dakika mbili. Akaniambia nilisinge titi lote, kuanzia karibu na kwapa, kwa vidole vilivyolala na si kwa ncha. Halafu akanionyesha mkono. Kidole gumba juu, cha shahada chini, vikae kama sentimita tatu nyuma ya chuchu. Sukuma kwanza kuelekea mbavuni. Ndipo ubane, vidole vikikutana bila kuteleza juu ya ngozi. Achia. Sukuma, bana, achia. Usiivute chuchu, maana maziwa hayakai kwenye chuchu.

Dakika ya kwanza hakikutoka kitu. Nikataka kuacha. Mama akaniambia endelea, mtoto naye huwa anaanza hivihivi, ananyonya kwanza ndipo anapewa. Kisha likatoka tone moja zito, la rangi ya njano iliyofifia, likakaa kwenye ncha ya chuchu bila kudondoka. Likafuata lingine. Halafu nikasikia vile vijisindano ndani ya titi, ambavyo sikuwahi kuvisikia hata siku moja kule stoo, na maziwa yakaruka kwa mistari mitatu, mmoja ukaupiga mkono wa mama. Tulikinga kikombe cha chai. Tulipohama huku na huku, tukibadilisha mahali pa vidole kuzunguka titi, tukamaliza na mililita 55. Hizo ni baada ya pampu kusema imemaliza.

Sikulala vizuri usiku ule, kwa furaha na kwa hasira. Siku zote zile niliulaumu mwili wangu.

Kliniki ya Jumatatu nilimweleza muuguzi, naye akanifafanulia yale ambayo mama anayajua kwa mikono. Mtoto au pampu inapovuta chuchu, ubongo unatoa homoni mbili. Prolaktini inaliambia titi litengeneze. Oksitosini inavibana vile vifuko vidogo ndani ya titi ili maziwa yashuke kwenye mirija. Hii ya pili ndiyo iliyokuwa inanikimbia stoo, kwa sababu ni homoni yenye woga. Ukiwa na hofu, maumivu au baridi, inachelewa au haiji kabisa, na pampu haina nguvu ya kufanya kazi yake. Halafu akaniambia lile la ng'ombe kwa maneno ya hospitali: titi lililojaa hupunguza mwendo wa kutengeneza maziwa, lililotolewa maziwa huongeza kasi, na kila titi lina hesabu yake. Kadiri unavyoacha, ndivyo unavyouagiza mwili upunguze.

Akaomba kuiona pampu. Akaichukua ile faneli inayokaa kifuani, akaigeuza, akauliza, "Hii umeinunua kwa kipimo cha nani?"

Sikujua kama kuna vipimo. Pampu niliinunua Kariakoo ikiwa na faneli moja, imeandikwa 24. Muuguzi alitoa rula kwenye droo, akapima upana wa chuchu yangu kwenye kitako chake, chuchu yenyewe bila ule weusi unaoizunguka. Milimita 16. Akasema tundu la faneli lipite chuchu kwa milimita moja hadi tatu tu, basi. Kwenye ile 24, pampu ilikuwa inavuta na ule weusi unaingia ndani, unavimba na kuiziba njia ya maziwa. Ndiyo maana nilikuwa namaliza nikiwa na duara jekundu linalouma, na nikadhani kukamua ndivyo kulivyo. Kukamua hakutakiwi kuuma. Kukiuma, kuna kitu hakijakaa sawa, na maumivu yenyewe yanaizuia oksitosini.

Jioni ile nilizunguka maduka ya vitu vya watoto Kariakoo mpaka nikapata vipande vya silikoni vya 19 vya kuchomeka ndani ya faneli. Muuza duka ndiye aliyeniambia nikaangalie na kale kampira keupe kanakofungua na kufunga maziwa yanapoingia kwenye chupa. Nilikatoa nikakainua kwenye taa. Kalikuwa na mpasuko mwembamba kama unywele. Kwa mpasuko huo pampu inaunguruma kama kawaida, mlio ni uleule, lakini mvuto umekwisha. Mama anayekamua mara kadhaa kwa siku hukabadilisha kila baada ya mwezi mmoja au miwili. Katika vyote nilivyovinunua mwaka ule, kampira kale na vile vipande vya silikoni ndivyo vilivyonisaidia zaidi.

Nilibadili pia namna ya kuiendesha pampu. Zamani nilikuwa naiweka kwenye nguvu ya mwisho tangu mwanzo, nikidhani ndiyo itatoa zaidi. Sasa naanza na mvuto mwepesi wa harakaharaka, kama mtoto anavyoanza, hadi maziwa yaruke. Yakiruka nahamia mvuto wa taratibu na wa kina, ila niishie pale ambapo bado nahisi vizuri. Yakipungua narudi kwenye ule wa haraka, maana yanaweza kushuka mara ya pili ndani ya mkao mmoja. Muda wote mkono mmoja unasinga na kulibana titi. Mwisho kabisa nazima na kukamua kwa mkono dakika tano, kama mama alivyonifundisha. Daktari mmoja wa watoto wa Marekani, Jane Morton wa Chuo Kikuu cha Stanford, yeye na wenzake walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya akina mama waliojifungua njiti. Wale waliounganisha mikono na pampu waliongeza maziwa yao. Nilipousoma nilimpigia mama simu Lushoto nimweleze. Akauliza kwani walikuwa wanadhani inafanyikaje.

Kule stoo niliacha kusoma barua pepe. Nilianza kubeba kanga niliyomlalishia mtoto usiku, bila kuifua, nikaifunika puani. Ile harufu ya jasho la shingo yake na maziwa yaliyomwagika ilifanya kazi kuliko picha yoyote ya kwenye simu. Mara nyingine ilikuwa inatosha kuifungua tu mikunjo yake na vijisindano vinaanza. Chupa nayo niliivisha soksi, ili nisihesabu mililita. Kuhesabu ndiko kulikokuwa kunanitia hofu.

Halafu kuna suala la muda, na hapa naomba akina mama walioajiriwa wasome kwa utulivu. Mwezi wa kwanza nilikuwa nakamua kwa kuiba. Kikao kikirefuka naruka, bosi akiniita nakatisha. Siku nyingine mara mbili badala ya tatu. Nilikuwa najiona nachukua muda wa watu. Kumbe Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 33, kilekile kinachotupa siku 84 za likizo ya uzazi, na 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kila siku ya kazi kwa ajili hiyo. Kwa mama ambaye mtoto yuko Kimara na yeye yuko Posta, saa hizo ndizo za kukamua.

Nilikiandika kifungu kwenye barua fupi ya heshima nikampelekea afisa utumishi. Alisoma, akasema hakuwa anakijua, na sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo. Hata mimi sikuwa nakijua. Baada ya siku tatu stoo ikawekwa kitasa chenye ufunguo, na kwenye kalenda ya idara saa nne, saa saba na saa tisa na nusu zikaandikwa jina langu. Kenya wamekwenda mbele zaidi: Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea na kukamulia, penye pa kunawa mikono, friji, soketi ya umeme, meza ndogo na viti. Natamani na sisi tuandikiwe hivyo, waziwazi, hadi viti. Kile kitasa kiliniongezea maziwa. Nasema hivyo bila kutia chumvi, kwa sababu kabla yake nilikuwa nakamua huku sikio liko mlangoni.

Usiku nako nilikuwa nimekosea. Mama mkwe, kwa kunionea huruma, alishauri mtoto azoeshwe kulala hadi asubuhi ili nipumzike. Prolaktini hupanda zaidi usiku, na mimi ndio muda nilioufunga. Nilimrudisha mtoto kitandani kwetu, akawa ananyonya saa nane na saa kumi na moja alfajiri, mimi nusu usingizini. Baada ya kunyonya kule kwa alfajiri nilikuwa nakamua dakika kumi kabla ya kuoga. Kwa siku tano mfululizo nilifanya pia mkamuo wa awamu, saa tatu usiku: dakika 20 kukamua, 10 kupumzika, 10 kukamua, 10 kupumzika, 10 kukamua. Inaiga mtoto anapokuwa kwenye siku zake za kunyonya bila kushiba. Usiku wa kwanza na wa pili sikuona tofauti yoyote, na nusura nikate tamaa. Mwili unachukua siku kadhaa kuusikia ujumbe. Siku ya sita, saa nne asubuhi, nilivua soksi nikakuta 90. Wiki iliyofuata nilikuwa nazunguka kwenye 110.

Lipo jambo moja ambalo halikuwa kifuani kwangu hata kidogo. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa kumi na mbili na nusu jioni, na katika muda huo dada alikuwa anampa mtoto chupa nne za mililita 150. Hakuwa na kosa. Mtoto analia, anampa. Lakini mtoto wa mwezi mmoja hadi sita anakunywa wastani wa mililita 750 kwa siku nzima, usiku na mchana, na kiasi hicho hakipandi sana kadiri anavyokua. Kwa kila saa ambayo mama hayupo, mililita 30 hivi, au zaidi kidogo, zinamtosha. Zile 600 zilikuwa zinamshibisha kupita kiasi mchana, naye usiku ananyonya kidogo, nami nazidi kupungukiwa. Chuchu ya ile chupa ilikuwa na tundu kubwa, maziwa yanammiminikia. Tukahamia kikombe kidogo na kijiko, mtoto amekaa wima, taratibu, mililita 100 kila mara. Wiki ya kwanza dada alilowa maziwa mikono yote. Baadaye mtoto akawa anakiendea kikombe kwa mdomo mwenyewe. Hesabu ikakutana: 110 mara tatu kazini, na 80 za alfajiri.

Kuhusu kuyatunza nitasema kifupi. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 maziwa yanakaa kwa muda wa saa nne. Dar es Salaam miezi mingi ni zaidi ya hapo, kwa hiyo mimi huyatia kwenye barafu mara moja. Kwenye friji siku nne. Yaliyoganda yakishayeyuka kwenye friji, yatumie ndani ya saa 24, na usiyagandishe tena.

Si kila upungufu ni wa pampu. Aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, aliyebakiwa na kipande cha kondo, mwenye tatizo la tezi ya shingo au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa matiti anaweza kukamua vizuri kabisa na bado asitosheleze, na huyo anahitaji daktari, hahitaji kulaumiwa. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kupunguza maziwa, vivyo hivyo baadhi ya dawa za mafua. Kuna akina mama wanaelekezana kununua domperidone, dawa ya kichefuchefu, duka la dawa bila cheti. Tafadhali msifanye hivyo. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na tangu mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imeonya isitumike kuongeza maziwa. Na titi likiwa jekundu, lina moto na una homa, usisubiri kesho.

Kama unataka kujua mtoto anashiba, chupa ya pampu si kipimo, kwa sababu mtoto anayenyonya vizuri anatoa kuliko mashine. Hesabu nepi: sita au zaidi zilizolowa ndani ya saa 24. Tazama mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki. Wa kwangu ulikuwa unapanda muda wote ule niliokuwa nalia kwenye mwendokasi. Sikuwahi kuuangalia. Lile kopo la juu ya kabati nililifungua mara mbili, siku ambazo hayakutosha, na mtoto akashiba akalala. Ningelifungua hata leo kama ingebidi.

Mtoto sasa ana miezi minane, anakula uji na parachichi, na mchana nakamua mara moja tu. Wiki iliyopita dada wa mapokezi, aliyerudi kutoka likizo ya uzazi, aligonga mlango wa stoo. Alikuwa ameshika chupa yake mkononi, na ilikuwa na kidogo sana chini. Hakusema chochote, alinionyesha tu. Nikafunga kitasa, nikamkalisha kwenye boksi la karatasi, nikamwomba anionyeshe faneli yake. Iliandikwa 24. Nikatoa rula.

Milimita 15.